Baden-Powell na Ufundishaji wa Nje ya Darasa

Mwalimu mwanafunzi akipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha upande wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, hukaa usiku akiandika andalio la somo, akachora mti kwenye karatasi kubwa, akaubandika ubaoni asubuhi, kisha akawaonyesha watoto kwa fimbo mizizi, shina na majani. Dirishani, hatua chache kutoka mahali aliposimama, miyombo na mininga imesimama vile vile, kichuguu kimeota mguuni mwa mmojawapo, na pengine mzinga wa nyuki umetundikwa tawini. Mtoto akitupa jicho huko, huambiwa atazame mbele. Tusimlaumu sana mwalimu huyu. Anajua kwamba msimamizi atamwekea alama kwa utulivu wa darasa, na anajua pia jambo ambalo hapendi kulisema: akiwatoa watoto nje hadi chini ya mti wenyewe, hatakuwa na la kuwaambia. Hakuna aliyemfundisha kuutazama mti.

Nchi hii ya Unyamwezi haikuwa hivyo zamani. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji iliongozwa na kirangozi, na kirangozi hakufunzwa kazi yake akiwa ameketi. Wavulana walizoea kubeba mizigo midogo nyuma ya wakubwa wao, wakijua maji yalipo, miti ipi ni kuni njema na ipi ni dawa, mpaka miguu yao ikaijua njia. Njia panda, kirangozi aliiziba ile isiyofaa kwa kuweka tawi la majani au kuchora mstari ardhini, ili walio nyuma wasipotee. Alama hizo msomaji azikumbuke, kwa maana tutakutana nazo tena mikononi mwa mtu wa mbali, ambaye maisha yake ndiyo makusudi ya makala haya.

Robert Baden-Powell alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Februari, 1857. Baba yake, kasisi na profesa wa jiometria katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu. Mama yake, Henrietta, aliachiwa nyumba iliyojaa watoto, akawalea kwa mkono thabiti, bila kuwafungia ndani. Kaka zake wakubwa walimchukua Robert katika safari za mashua na za miguu, wakampa kazi za mdogo: kupika, kuosha vyombo, kuchota maji. Mpishi akiunguza chakula, aliyekula wa kwanza alikuwa mpishi mwenyewe. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza ya porini, na walimu wake walikuwa wamempita umri kwa miaka michache tu.

Mwaka 1870 aliingia shule ya Charterhouse, ambayo mwaka 1872 ilihamishwa kutoka London hadi Godalming, mahali penye mashamba na misitu. Kando ya shule palikuwa na kichaka kikubwa ambacho wanafunzi walikatazwa kukiingia. Baden-Powell alikiingia mara kwa mara. Humo alijifunza kunyata, kutega sungura, na kuwapika kwa moto usiotoa moshi, maana moshi ungewaita walimu. Alijifunza kukaa kimya juu ya mti mwalimu akipita chini. Darasani hakuwa mwanafunzi wa kutajwa, na alipojaribu kuingia Oxford hakufaulu. Lakini mtihani wa kujiunga na jeshi aliufaulu vizuri mno, akawa wa pili miongoni mwa waliochaguliwa kwa vikosi vya farasi, na mwaka 1876 akapelekwa India.

Hapa mwandishi wa maisha yake hana budi kusema wazi ni askari wa namna gani tunayemzungumzia. Alikuwa ofisa wa jeshi la dola iliyokuwa ikizitwaa nchi za watu, na mengi aliyoyajua kuhusu pori aliyajua akiwawinda wenye pori hilo. Mwaka 1888 alikuwamo katika vita dhidi ya Dinizulu, mfalme wa Wazulu. Mwisho wa mwaka 1895 alikwenda Ashanti na jeshi lililomwondoa Prempeh katika kiti chake. Mwaka 1896 alikuwa katika nchi ya Wamatabele, ambayo sasa ni sehemu ya Zimbabwe, wakati watu wa huko walipoinuka dhidi ya Wazungu. Huko aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa ametekwa, ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, na chifu yule akapigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa, Baden-Powell akaonekana hana hatia mbele ya wakubwa wake. Walimu wetu wana haki ya kuwa na maoni yao wenyewe juu ya hukumu hiyo.

Lakini katika vilima vile vile vya Matopo ndipo alipokuwa mwanafunzi kwa mara nyingine, naye akiwa mtu mzima mwenye cheo. Mwalimu wake mmoja alikuwa Frederick Burnham, Mmarekani aliyelelewa mipakani na kuzoea kusoma nyayo kama wengine wasomavyo barua. Mwingine, ambaye vitabu vingi humtaja haraka na kumpita, alikuwa Mwafrika aitwaye Jan Grootboom, mtu ambaye Baden-Powell mwenyewe alimsifu kuliko wapelelezi wengi aliowajua. Wenyeji walimpa Baden-Powell jina la Impeesa. Yeye aliwaeleza Waingereza kwamba maana yake ni mbwa-mwitu asiyelala. Kwa kweli neno hilo kwa Kindebele ni fisi, na msomaji wa Kiswahili anaweza hata kusikia udugu wa maneno hayo mawili. Fisi ni mnyama anayetembea usiku, na huenda jina halikuwa la sifa tupu.

Kisa kimoja cha siku zile alikisimulia baadaye mara nyingi, nami nakieleza kwa urefu kwa kuwa ni somo kamili lililotokea bila ubao. Alikuwa akipita mbugani na Mwafrika mmoja, wakaona majani yaliyokanyagwa na nyayo ndogo zilizoelekea vilimani. Yule mwenzake akaenda kando kidogo, akaokota jani moja la mti. Mti wa aina hiyo haukuwapo karibu. Ulikuwa ukiota katika kijiji kilichokuwa maili nyingi kutoka pale. Jani lilikuwa na unyevu, na lilinuka pombe. Kwa hayo machache wakajua kwamba wanawake wa kijiji kile walipita usiku ule wakiwa wamejitwika vyungu vya pombe, vinywa vya vyungu vikiwa vimezibwa kwa majani. Kwamba jani lilianguka na kupeperushwa na upepo uliovuma alfajiri, saa waliyoikumbuka wote wawili. Na kwamba pombe ile ilikuwa ikipelekwa kwa wapiganaji waliojificha vilimani. Mtoto wa Tabora ambaye mama yake hupika pombe angeweza kulifumbua fumbo hili kabla ya ofisa yule. Tatizo ni kwamba shuleni hatumwulizi mafumbo ya namna hii. Na tusisahau pia kwamba jani liliwasaliti watu waliokuwa wakiitetea nchi yao.

Aliporudi India mwaka 1897 kuwa mkuu wa kikosi, alianza kuwafunza askari vijana upelelezi kwa njia aliyoiona inafaa: vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, na kazi za kweli mahali pa hotuba. Mafunzo hayo aliyaandika katika kijitabu kilichotoka mwaka 1899. Mwaka huo huo ilianza vita ya Makaburu, na Baden-Powell akazingirwa katika mji wa Mafeking kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Wavulana wa Kizungu wa mji ule walipewa kazi za kupeleka barua na kulinda zamu, nao wakazifanya vizuri kuliko ilivyodhaniwa, jambo ambalo hakulisahau. Uingereza ilimfanya shujaa. Wakazi Waafrika wa Mafeking walikuwa na kumbukumbu nyingine: katika mgawo wa chakula wao ndio waliopunjwa, na wengi walikufa njaa. Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliandika kila siku aliyoyaona, na shajara yake ilichapishwa mwaka 1973.

Sasa tufike kwenye tukio dogo ambalo, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa ualimu yafaa alijue. Kijitabu kile cha askari kilikuwa kimeingia mahali ambapo mwandishi wake hakukusudia. Katika mji mdogo wa Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, mama mmoja aitwaye Charlotte Mason alikuwa ameanzisha chuo cha kuwafunza walimu wa kike, wengi wao wakiwa watakaofundisha watoto majumbani. Mason aliamini kwamba mtoto mdogo yampasa akae nje saa nyingi kila siku, na kwamba mwalimu asiyejua ndege na maua ya mahali anapofundisha hajakamilika. Kwa hiyo wanachuo wake walitembea mabondeni wakiwa na madaftari, wakachora walichokiona. Mason alipokipata kile kitabu cha upelelezi, alikiweka miongoni mwa vitabu vya chuo chake, kwa sababu kilifundisha kutazama.

Mmoja wa walimu waliotoka katika chuo hicho alikwenda kufundisha katika nyumba ya ofisa Allenby, ambaye baadaye alikuwa jenerali mashuhuri. Siku moja ofisa huyo alikuwa akirudi nyumbani akiwa juu ya farasi, mara akasikia sauti kutoka mtini ikimtangazia kwamba amekwisha kupigwa risasi. Alipoinua macho alimwona mwanawe matawini, na juu yake mtoto, katika tawi jingine, alikuwa mwalimu wake. Walikuwa katika somo. Kosa la baba lilikuwa kupita chini ya mti bila kutazama juu.

Habari hii ilimfikia Baden-Powell, naye baadaye alikiri kwamba mwalimu yule wa nyumbani na mti wake walikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfumbua macho. Mwalimu kijana, aliyetoka chuoni karibuni, asiye na cheo, ndiye aliyemwonyesha jemadari kwamba ujuzi aliouandikia vita ungeweza kuwa wa malezi. Nasi tuangalie alivyofanya. Hakusimama chini na kumwamuru mtoto apande. Alipanda naye.

Wengine nao walimsukuma. Mwaka 1904 alikagua huko Glasgow gwaride la maelfu ya wavulana wa chama kilichoanzishwa na William Smith mwaka 1883, na Smith akamhimiza akiandike upya kitabu chake kwa ajili ya vijana. Mwaka 1906 Ernest Thompson Seton, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa Marekani maisha ya misituni, alimpelekea kitabu chake. Baden-Powell alichukua mengi kwa Seton, na Seton alilalamika baadaye kwamba hakushukuriwa ipasavyo.

Lililobaki lilikuwa kujaribu. Tarehe 1 Agosti, 1907, katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, alianza kambi ya wavulana wapatao 20. Baadhi walitoka katika shule za matajiri, na wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya karibu; jambo hilo peke yake lilikuwa la ajabu katika Uingereza ya siku zile. Aliwagawa katika vikundi vinne: Sululu, Kunguru, Mbwa-mwitu na Fahali. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, naye alikuwa mvulana, siyo mtu mzima. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala aliyoitoa nchi ya Wamatabele. Mchana walifuata nyayo, walipika, walijenga vibanda, walitazama wanyama na kueleza walichokiona. Jioni palikuwa na moto na hadithi. Kila jambo lilielezwa kwa ufupi, likafanywa mara moja kwa mikono, kisha likawa mchezo wa kushindania baina ya vikundi. Mwalimu atakayezipima hatua hizo tatu ataona kwamba hazihitaji kisiwa wala hema. Zinatosha kwa kipindi cha dakika 40 chini ya mwembe.

Kitabu chake kwa vijana kilianza kutoka Januari 1908, katika sehemu sita, kila sehemu kwa bei ya peni nne. Watoto walikinunua, wakaunda vikundi vyao wenyewe kabla hapajakuwa na chama cha kuwaandikisha. Mwaka 1909 wasichana nao walitokea, bila kualikwa, katika mkutano mkubwa wa skauti huko London, wakitaka mambo yale yale, na mwaka 1910 chama chao kilianzishwa kwa msaada wa Agnes, dada yake Baden-Powell. Mwaka huo aliacha jeshi. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, nao wakapata watoto watatu.

Kukua kwa haraka kulileta tatizo ambalo vyuo vyetu vya ualimu vinalifahamu. Watoto walikuwa wengi, viongozi walikuwa wachache, na wengi wa hao wachache walijua gwaride tu. Wakipewa watoto 30 na pori zima, waliwapanga mistari na kuwaamuru wageuke kulia. Baden-Powell alichukia jambo hilo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwanajeshi, au pengine kwa sababu hiyo. Mwaka 1919 tajiri mmoja wa Scotland, William de Bois Maclaren, alikinunulia chama uwanja uitwao Gilwell, karibu na London, na Septemba mwaka huo yalianza huko mafunzo ya kwanza ya viongozi chini ya Francis Gidney.

Gilwell hapakuwa mahali pa mihadhara. Watu wazima waliofika pale, miongoni mwao maofisa na waalimu, waligawanywa katika vikundi kama watoto wa Brownsea. Walilala katika mahema, wakapokezana uongozi, wakapika, na waliounguza wakala walichokiunguza. Kwa muda wa kambi mkubwa alirudishwa utotoni, apate kujua kwa mwili wake mtoto anavyojisikia mvua inapoingia hemani. Lakini cheti hakikutolewa hapo. Mafunzo yalikuwa na sehemu tatu: maswali ya kujibiwa kwa maandishi, kambi yenyewe, kisha kurudi nyumbani na kuliongoza kundi halisi la watoto kwa miezi kadhaa huku wakubwa wakiangalia. Ni baada ya sehemu hiyo ya tatu ndipo kiongozi alipohesabiwa kuwa amefuzu. Alama ya kufuzu ilikuwa shanga mbili za mti katika kamba ya ngozi. Inasimuliwa kwamba shanga za kwanza zilitoka katika mkufu wa Dinizulu, na jinsi Baden-Powell alivyoupata mkufu huo imebishaniwa mpaka leo. Mfano wa shanga hizo unavaliwa bado na viongozi wa skauti duniani kote, Waafrika wakiwamo.

Nikilinganisha mpango huo na mazoezi yetu ya kufundisha, naona tofauti moja inayoniuma. Mwanachuo wetu hufanya mazoezi ya kufundisha ndani ya darasa kwa sababu yeye mwenyewe alifunzwa ndani ya darasa. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwezi Machi 1967, iliwatoa wanafunzi wa Tanzania nje, shambani, na ilikuwa na haki kufanya hivyo. Ila mara nyingi walipofika shambani walipewa jembe bila swali. Walilima matuta wala hawakuulizwa kwa nini udongo wa karibu na kichuguu ni tofauti na ule wa mbali. Mikono ilitoka darasani, macho yakabaki.

Mwaka 1920 vijana wa nchi nyingi waliokutana London walimtangaza Baden-Powell kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Heshima zilifuatana, na mwaka 1929 akafanywa Lodi wa Gilwell. Katika miaka hiyo alizunguka dunia akisema kwamba skauti wote ni ndugu. Kauli hiyo ilijaribiwa Afrika ya Kusini, ambako Wazungu waliwakataa watoto Waafrika katika vikundi vyao. Mwaka 1936, baada ya ziara yake huko, ulikubaliwa mpango wa vyama vilivyotengwa kwa rangi, na Waafrika wakapewa chama chao chenye jina jingine. Alidhani ni hatua ya kuelekea mbele. Watoto waliowekwa kando walihitaji kusubiri miaka 41, mpaka 1977, vyama hivyo vilipounganishwa.

Afya yake ilipodhoofika alirudi Afrika. Mwaka 1938 yeye na Olave walihamia Nyeri, Kenya, katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, mlima Kenya ukionekana kibarazani. Hapo alikaa akiwachora ndege na wanyama waliopita mbele yake, akaandika vijitabu, na hakwenda tena mbali. Nchi iliyomzunguka ilikuwa ya Wakikuyu, ambao sehemu nzuri za ardhi yao zilikwisha gawiwa walowezi. Na watoto waliozaliwa Nyeri miaka ile ndio ambao wengi wao, walipokuwa vijana, waliingia msituni kwa safari ambayo kitabu chake hakikuifundisha. Alifariki tarehe 8 Januari, 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yaliletwa kuzikwa pamoja na mumewe.

Kaburi lao lipo Nyeri, nalo limeelekezwa mlimani. Juu ya jiwe, chini ya majina na tarehe, imechongwa duara yenye nukta katikati. Ni mojawapo ya alama ambazo watoto wa Brownsea waliwekeana ardhini kwa vijiti na mawe, pamoja na ile ya msalaba inayoziba njia isiyofaa, kama tawi la kirangozi. Duara yenye nukta maana yake ni kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani, na anayefuata nyuma asimtafute tena katika njia hiyo.